Sauti Inakwenda Wapi

4 Februari

Shangazi,

Kabla hata ya shikamoo, naomba nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu mwingine yeyote. Nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, unanijua. Mimi sielewi fizikia. Zile alama zilizomfanya baba azunguke mtaa mzima akijisifu nilizipata bila kuelewa. Sikuibia mtihani. Nilikariri.

Basi, shikamoo. Natumaini u mzima na mgongo umetulia. Sisi hatujambo. Kifua cha mama kimepona. Baba yuko kibandani kwake anashona viatu, na kila anayeleta soli iliyobanduka lazima kwanza aambiwe kwamba binti yake anafundisha fizikia kwenye shule ile ile aliyomaliza juzi. Asubuhi ananigongea mlango: "Mwalimu, maji ya kuoga tayari." Akisema hivyo natamani kuingia uvunguni.

Kazi yenyewe unajua ilivyokuja. Mwalimu wa fizikia alivunjika mguu, Mkuu wa shule akamwomba baba nishike darasa mpaka apatikane mwingine. Nikaitikia kwa kichwa. Mimi ni bingwa wa kuitikia kwa kichwa. Miaka yote darasani, mwalimu akiuliza "Mmeelewa?" kichwa changu ndicho kilichokuwa cha kwanza kushuka na kupanda.

Jumanne nilifundisha mapigo. Ukipiga sauti mbili zinazokaribiana sana, husikii sauti mbili. Unasikia moja inayovimba na kunywea, inavimba na kunywea, kama kitu kinachopumua. Kila kuvimba ni pigo. Ukitaka kujua mapigo ni mangapi kwa sekunde, unachukua mitetemo ya sauti moja unatoa ya nyingine. Moja inatetema mara mia mbili sitini kwa sekunde, nyingine mia mbili hamsini na sita: mapigo manne. Hayo ndiyo yote niliyokuwa nayo, nikayaandika ubaoni kwa mwandiko mzuri.

Dawati la nyuma anakaa mwanafunzi anayeitwa Mama Pacha. Zamani alinitangulia madarasa matatu. Aliacha shule akajifungua mapacha, na sasa amerudi kumalizia. Akanyoosha mkono. "Mwalimu, samahani. Sauti mbili zikikutana, si ndiyo kelele iongezeke? Sasa kile kimya cha katikati kinatoka wapi? Sauti inakwenda wapi?"

Shangazi, sikuwa na jibu. Darasa zima lilikuwa linanitazama. Na mimi, mtu ninayeona haya hata kuagiza chumvi dukani, nikafungua kinywa nikasema: "Kama hata hilo linakushinda, bora urudi nyumbani ukanyonyeshe."

Walicheka. Walicheka sana. Yeye hakulia. Alifunga daftari, akapitisha kiganja juu ya dawati kama anayefuta makombo, akatoka, na mlango akaurudishia taratibu bila kuubamiza. Hajarudi tangu siku ile.

Maneno yale sijui yalitoka wapi. Yalitoka yakiwa yamenyooka kabisa, kama yalikuwa yamekaa ndani yangu yakinisubiri niogope. Nifanyeje? Tafadhali usimwambie baba.

Mwanao,
Kinda

*

12 Februari

Kinda wangu,

Marahaba, ingawa shikamoo yako imefika kama mgeni aliyesubiri vyombo vimalize kuoshwa ndipo abishe. Mgongo upo, unanikumbusha kila siku kuwa nao. Huku kwenye chumba cha kufulia cha hospitali mashuka hayana mwisho. Ukimaliza rundo, unageuka unakuta limezaa. Bi Mvuke, mwenzangu wa pasi, anakusalimu.

Barua yako niliianza nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Sitakuambia usijali. Jali. Ulimgonga mtu palepale penye kidonda. Mwanamke anayerudi darasani na maziwa yanamlowesha blauzi ameshayasikia maneno hayo kwa majirani, kwa mawifi, kwa wapita njia. Ameyazoea. Kwako hakuyatarajia, na ndiyo maana alifunga mlango taratibu.

Usimwendee na "nisamehe" tupu. Alikuuliza swali. Ukimpelekea msamaha bila jibu, utakuwa umempelekea sahani bila chakula. Jibu likikosekana, basi mpelekee hilo hilo, kwamba huna.

Hebu nieleze mimi hayo mapigo. Fizikia tuliachana mapema, hatukugombana, kila mtu alishika njia yake. Lakini mimi sina haya ya kusema sijaelewa. Haya hiyo niliimaliza wiki ya kwanza ya kazi, msimamizi aliponielekeza dawa nami nikaitikia kwa kichwa kama wewe. Nilitia dawa ya kung'arisha kwenye sare za kijani za madaktari wa upasuaji. Zilitoka na mabaka kama chui. Daktari mkubwa aliivaa hivyo hivyo akapita nayo mbele yangu. Afadhali angenitukana.

Kaka yangu hatasikia kitu kutoka kwangu. Msalimie wifi.

Ni mimi,
Shangazi yako

*

17 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Leo imewahi. Vipi hali yako, vipi mgongo? Sisi wazima. Nilicheka kwa wale chui, halafu nikaona aibu kwamba naweza kucheka.

Maelezo ni haya. Mapigo hutokea pale mawimbi mawili ya sauti yenye mitetemo inayokaribiana yanapoungana. Yanapolingana, sauti huongezeka. Yanapopingana, sauti hupungua. Idadi ya mapigo kwa sekunde ni sawa na tofauti ya mitetemo yao.

Jumamosi nilikwenda kwa Mama Pacha. Amepanga chumba kimoja uani, nyuma ya nyumba kubwa, na kamba yote ya nguo ilikuwa nepi. Niliwasikia mapacha wanalia na yeye anawabembeleza. Nilifika hadi mlangoni, nikavuta pumzi nipige hodi, nikarudi hatua moja. Mama mwenye nyumba akatokea na ndoo. "Unamtafuta nani, mwanangu?" Nikasema simtafuti mtu. Akanitazama mimi, akazitazama nepi za kambani, akazihesabu kwa macho. Nikaondoka nikiwa mwizi wa nepi.

Dawati lake bado tupu. Kuna jambo jingine nimeliona. Darasani hakuna anayeniuliza chochote siku hizi. Nikisema "Mmeelewa?" vichwa vyote vinashuka na kupanda.

Mwanao,
Kinda

*

24 Februari

Kinda,

Marahaba. Mimi mzima, Bi Mvuke mzima ila ameungua kidole.

Sijaelewa.

Yanalingana nini na nini? Yanapingana kwa lipi, waligombania urithi? Wimbi la maji nimeliona kwenye beseni. La sauti sijaliona, na wewe hukunionyesha. Nilimsomea Bi Mvuke, akasema, "Hayo yametoka kitabuni yakaingia kwenye karatasi bila kupita kwa mtoto." Ana mdomo huyu, lakini safari hii nimemwachia.

Sikuandikii hivi kukuumiza. Nakuuliza jambo moja tu: wewe mwenyewe umewahi kuyasikia hayo mapigo? Kwa masikio yako?

Rudia. Nitasubiri.

Shangazi yako

*

2 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kidole cha Bi Mvuke kimepoa. Sisi hatujambo.

Hapana. Sikuwahi kuyasikia. Nilifanya mtihani juu yake, nikapata alama zote, nikasimama ubaoni kuyafundisha, na sikuwa nimewahi kuyasikia hata mara moja. Nilipolisoma swali lako niliikunja barua nikaiweka chini ya mto.

Halafu nikatafuta chupa mbili za soda zinazofanana. Ukiinamisha mdomo ukapuliza juu ya tundu, chupa inalia. Moja nikashika mimi, nyingine nikampa mama. "Kumbe ndio ualimu wenyewe," akasema, "kupuliza chupa na mama yako jikoni." Mwanzo tulikuwa tunacheka, na huwezi kupuliza huku unacheka. Tulipotulia, zikalia sawa. Nikatia matone machache ya maji kwenye ya kwangu, tukapuliza tena, na Shangazi, sauti ikaanza kupumua. Wuu, wuu, wuu. Mama akatoa chupa mdomoni. "Nani anaitikisa?" Hakuna aliyekuwa anaitikisa. Nikiongeza matone, inapumua haraka. Nikiyapunguza, inapumua polepole, mpaka inakaribia kutulia.

Sasa nitakueleza nilivyoelewa mimi. Ukiona nimekosea, niambie.

Sauti ni hewa inayosukumwa na kuvutwa upesi upesi. Chupa yangu inasukuma hewa kuelekea kwenye sikio lako, inaivuta, inasukuma, inavuta. Ya mama vivyo hivyo. Zikisukuma pamoja, ngozi ya ndani ya sikio lako inasukumwa kwa nguvu. Yangu ikisukuma wakati ya mama inavuta, ngozi ile inabaki palepale, na wewe unasikia kimya.

Kwa nini zisibaki pamoja? Kumbuka mimi na wewe tulivyokuwa tukitembea. Hatua zako zina haraka kidogo kuliko zangu. Miguu yetu inagonga chini pamoja, halafu taratibu inapishana, wako unashuka wangu unapanda, halafu inagonga pamoja tena. Hakuna aliyebadili mwendo. Wewe ukipiga hatua mia moja na nne kwa dakika na mimi mia moja, ndani ya dakika tutagonga pamoja mara nne. Kumbe kule kutoa nilikokuwa nakufanya miaka yote ni huku! Nilikaa chini sakafuni nilipoliona.

Na sauti inakwenda wapi? Haiendi popote. Hili nililikokotoa mwenyewe, nikafuta, nikakokotoa tena. Wakati wa kuvimba, nguvu ya sauti si mara mbili ya chupa moja, ni mara nne. Wakati wa kimya ni sifuri. Ukisawazisha nne na sifuri unapata mbili, yaani chupa mbili, kama ulivyoanza. Kilichokosekana kwenye kimya kiko kwenye kuvimba.

Swali lake lilikuwa zuri kuliko somo langu lote.

Kesho naenda kupiga hodi. Chupa nimeshaziosha.

Mwanao,
Kinda

*

13 Machi

Kinda wangu wa mimi,

Marahaba, marahaba mara nne na sifuri. Nimeelewa!

Hapa tuna mashine mbili kubwa za kukamua nguo, zimewekwa bega kwa bega. Zikizunguka pamoja huwa kuna mngurumo unakuja na kuondoka, unakuja na kuondoka. Miaka yote nilidhani ni kichwa changu. Nilishamwambia hata daktari nina kizunguzungu, akanishauri ninywe maji. Juzi baada ya barua yako nikaizima moja. Kupumua kukakoma, ukabaki mngurumo umenyooka. Nikaiwasha, kukarudi. Nikaizima. Msimamizi akauliza kutoka mlangoni, "Mashine ina tatizo?" Nikamjibu, "Haina, zinapishana hatua." Bi Mvuke amemwambia kila mtu kwamba nimeanza kuzeeka vibaya.

Haya sasa. Uliposema "kesho naenda" niliamini. Ulikwenda? Alikuambiaje?

Shangazi yako anayekusubiri

*

27 Machi

Kinda,

Hatujambo huku. Ninyi je? Mbona barua hazirudi?

Kama alikufukuza, andika alinifukuza. Kama hukwenda, andika sikwenda. Mimi ndiye yule yule wa chui.

Shangazi

*

5 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukuweka roho juu. Natumaini wewe na Bi Mvuke hamjambo, na mashine pia. Sisi wazima.

Nilikwenda siku niliyosema. Nilipiga hodi. Alifungua akiwa amempakata mmoja, mwingine amelala kitandani nyuma yake. Aliponiona alijifunika kifua kwa khanga, akasema, "Umenikuta nanyonyesha, mwalimu. Kama ulivyoniagiza."

Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali.

Nikamwambia nimekuja kumwomba radhi. Nikamwambia swali lake lilikuwa sahihi na mimi ndiye sikuwa na jibu, na sasa ninalo, nikatoa chupa kwenye mfuko. Nilikuwa naongea chini chini, nikimwogopa mama mwenye nyumba aliyekuwa anafua pale karibu. Mama Pacha alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Mbona unanong'ona? Siku ile ulikuwa na sauti. Darasa zima lilikusikia." Nikazirudisha chupa mfukoni. "Ulinivua nguo mbele ya watu arobaini, unakuja kunivisha uani, mbele ya nepi." Akafunga mlango. Taratibu, kama siku ile.

Ndiyo maana sikuandika. Kila nikishika kalamu naona kwamba alikuwa na haki, na kwamba nilichotakiwa kufanya nakijua, na sitaki kukifanya. Niliingia darasani siku nyingi nikiwa nimejiandaa, natoka sijasema. Nilifundisha joto. Nilifundisha vioo. Vichwa vilishuka na kupanda.

Mpaka Ijumaa moja niliandika tarehe ubaoni, chaki ikakatika, na badala ya kuiokota nikageuka. Nilisema hivi, nakuandikia kama nilivyosema: "Mama Pacha aliniuliza swali kuhusu mapigo. Nilimtukana kwa sababu sikuwa na jibu. Nilikuwa nafundisha kitu nisichokielewa. Mjinga darasani humu siku ile nilikuwa mimi, na ninyi mlimcheka yeye." Sauti yangu ilitetemeka hadi ikakatika katikati, nikairudia sentensi, maana niliahidi moyoni sitanong'ona. Hakuna aliyecheka. Kiranja alitazama meza. Nilitamani sakafu ipasuke, lakini sakafu za shule ni za saruji.

Jioni ile ile habari ilikuwa imeshamfikia. Jumatatu alikuja, mtoto mmoja mgongoni kwa sababu mwenye nyumba alikubali kubaki na mmoja tu. Akapita mbele yangu, akasema, "Chupa ziko wapi?"

Tulipuliza mimi na yeye mbele ya darasa. Ana pumzi ndefu kuliko mama. Sauti ilipoanza kupumua, wa mbele wakainuka kwenye viti kutazama chupa, kama vile wangeona kitu. Nikawaeleza hatua zako na zangu, Shangazi, umekuwa maarufu. Nikawaeleza nne na sifuri. Mama Pacha alisikiliza, akakunja uso, akauliza tena: "Haya. Na mwanga nao si mawimbi? Nikiwasha taa mbili chumbani, mbona hazileti giza mahali popote?"

Nikasema, "Sijui."

Nilisema kwa sauti. Kiranja akaguta, "Mwalimu hajui!" na Mama Pacha akamgeukia: "Kaa chini. Wewe unajua?" Hapo ndipo walipocheka, na mimi nikacheka.

Mkuu aliyapata yote, kuta za ofisi yake ni nyembamba. Aliniita. Alikuwa mpole. Alisema ni jambo la heshima kukiri, lakini hawezi kumwacha mtu aliyekiri hivyo aendelee kushika darasa la mtihani. Mwalimu mpya ameshafika. Mimi nimebaki stoo ya maabara hadi mwisho wa muhula, naosha vioo na kufuta vumbi kwenye mizani.

Mama Pacha hajaniambia amenisamehe, na sijamuuliza. Ila amesogeza begi lake.

Alilisogeza kwa sababu nilimwomba mwalimu mpya ruhusa, na kipindi cha fizikia nikitoka stoo nakwenda kukaa dawati la nyuma, pembeni yake, kama mwanafunzi. Swali la taa tumeshapata jibu. Mwanga wa taa hutoka vipande vipande vifupi mno, kila kipande kinaanza kivyake, hakijali cha taa ya pili kimefikia wapi. Giza linatokea na kuondoka upesi kuliko jicho linavyoweza kuliona. Ili kimya, au giza, likae mahali pamoja ulione, mawimbi lazima yapatane na yaendelee kupatana. Mwalimu alipolieleza mara ya kwanza aliuliza, "Mmeelewa?" Nilinyoosha mkono nikasema sijaelewa. Akaeleza tena. Nikasema bado. Mama Pacha akanong'ona, "Hata mimi, asante." Mara ya tatu tulielewa sote wawili.

Sasa Shangazi, ile siri ya kwanza imekwisha, mwambie hata Bi Mvuke, darasa zima linaijua. Ninakukabidhi nyingine. Baba hajajua. Bado ananigongea mlango asubuhi, "Mwalimu, maji tayari," na mimi naoga, navaa sketi ya ualimu, natoka, nakwenda kukaa dawatini. Jana alimwambia mteja kwamba Mkuu hawezi kuiendesha shule ile bila mimi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia la kibanda na chakula chake mkononi.

Nitamwambia. Lakini alinisifu kibandani, mbele ya watu na viatu vyao, kwa hiyo itabidi nimwambie palepale, mbele yao, si chumbani kwa kunong'ona. Hilo nimefundishwa. Bado nakusanya pumzi.

Mpaka siku hiyo, Shangazi yangu, nakuomba usimwambie mtu. Hata wifi yako. Nitunzie.

Mwanao,
Kinda